Lango Lako, Barabara Yetu: Jinsi ya Kupiga Hodi kwa Lami

Hongera kwa kupata kiwanja cha mbele, kile madalali wanachokiita “cha barabarani”. Sasa mwambie fundi aweke sururu chini kidogo.

Kwanza, jua unapokoma. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipa barabara kuu ya Tanzania mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za zamani. Ofisi ya TANROADS, wakala wa barabara, ya mkoa wako ndiyo ya kuombwa kibali cha lango na kukuonesha mpaka. Nenda kabla ya kununua tofali. Jengo lililo ndani ya mpaka wa barabara huchorwa X: ya kijani ukutani humaanisha fidia ipo. Nyekundu humaanisha beba bati zako uondoke.

Pili, hesabu. Barabara inapoungana na nyingine kwa umbo la T, kuna sehemu 9 ambapo njia za magari huweza kugongana. Ukiruhusu wateja kukata kulia kuvuka lami, umejenga T yako binafsi. Waingie kwa kushoto na kutoka kwa kushoto tu, zinabaki 2. Mteja wako ataenda kugeuzia mbele, supu haitapoa.

Lakini lango moja halijawahi kuua barabara. Ni yale kumi yanayofuatana: gereji, baa, duka la simenti, kituo cha mafuta, kila mmoja na mdomo wake. Lori linafunga breki, daladala linachepuka, bodaboda inapenya kushoto alipo mwanafunzi. Barabara iliyojengwa kuunganisha mikoa inageuka uchochoro, halafu tunaomba matuta! Kwa hiyo nenda kwa jirani, na soda mkononi ukipenda, mkubaliane lango moja na njia ya ndani ya kupita nyuma ya fensi. Mimi naamini hili kuliko tuta lolote.

Mtaro usiufukie kwa kifusi. Weka kalavati ya kutosha, maana maji uliyoyazuia yatalala kwa mama ntilie wa bondeni.

Mwisho, simama langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uchuchumae hadi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Tazama kulia, tazama kushoto. Kama bango lako linaficha gari linalokuja, ling’oe leo, kabla shule haijatoka.