Kitenzi na Mkia Wake: Mwongozo wa Imparfe kwa Watu wa Vuhovi

Mtoto wa Vuhovi, huku Kivu Kaskazini, huota meno kwa Kinande, hununua biki dukani kwa Kiswahili, kisha huambiwa kwamba mtihani ni kwa Kifaransa. Katiba ya Kongo ya 2006 imekipa Kifaransa kiti cha lugha rasmi. Kiswahili kimeketi pamoja na Kilingala, Kikongo na Kitshiluba kama lugha za taifa. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza siku mwalimu anapoandika ubaoni neno "imparfait", na darasa zima linaimba "ais, ais, ait, ions, iez, aient", kama kwaya inayompokea mgeni ambaye hakuna aliyeambiwa jina lake.

Nimefundisha wimbo huo, na nimeona watoto wanaouimba bila kukosea wakishindwa kusema kwa Kifaransa kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Hapa kwetu, hatua chache kutoka mstari wa ikweta na milima ikituzunguka, mtu asiyeweza kusema "il pleuvait" atapata shida kueleza siku yoyote ile. Kwa hiyo shika mwongozo huu, na ufuate hatua zake kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Anzia jikoni kwa bibi

Usifungue kitabu bado. Kaa karibu na moto, menya viazi, umsikilize bibi akisema: "Zamani tulikuwaka tunalima maharage ku kilima ile." Umekwisha kusikia imparfe. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni "tulikuwa tukilima", na kwa Kifaransa ni "nous cultivions". Bibi hasemi kwamba walilima siku moja wakamaliza. Anasema hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, mwaka baada ya mwaka.

Tazama hiyo -ka inayokuja mwishoni: analimaka, anauzaka, anaendaka. Ndiyo inayobeba mazoea katika Kiswahili chetu cha Kivu. Mtu akikwambia kwamba ni Kiswahili kilichovunjika, mjibu kwa heshima kwamba hicho ni chombo, na kwamba unakwenda kuvukia mto nacho. Mtoto anayeisikia -ka vizuri ana nusu ya imparfe mfukoni kabla hajafika shuleni.

Hatua ya 2: Mtafute mshenga

Huwezi kwenda kuposa peke yako, na huwezi kuingia kwenye imparfe bila mshenga. Mshenga anaitwa "nous". Chukua kitenzi katika wakati uliopo, ukisimamishe pamoja na "nous", kisha ukate -ons. "Nous vendons" inakuachia vend-. "Nous finissons" inakuachia finiss-. "Nous buvons" inakuachia buv-, na "nous prenons" inakuachia pren-. Hapo ubandike mkia: je vendais, tu finissais, il buvait, elles prenaient.

Wanaompita mshenga ndio wanaoandika "je boivais" na "je finais". Waliona "je bois", wakaona "finir", wakafikiri njia ni fupi. Ukoo wa msichana ukawarudisha na mbuzi wao. Katika imparfe, nous ndiye anayejua mlango wa nyumba.

Hatua ya 3: Usiliamini sikio

Mikia iko sita kwenye karatasi, lakini sikio linapokea mitatu tu. Vendais, vendait na vendaient zote zinasikika sawasawa. Ndiyo maana dikte huwaliza watu: mwalimu anasoma sauti moja, na kalamu inatakiwa kuchagua kati ya njia tatu.

Dawa ni swali moja: nani? Kiswahili humweka mtendaji mbele, aonekane mapema: ni-liuza, a-liuza, wa-liuza. Kiko kama mama anayetoka shambani na kitunga mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso: ukikutana naye unaona kwanza kinachobeba mzigo. Kifaransa nacho humtaja mtendaji mbele, halafu kinamwandika tena mkiani, pale ambapo hakuna anayemsikia. Basi kabla ya kuandika herufi ya mwisho, rudi mwanzo wa sentensi umtafute mwenye kitenzi. Kama ni "les mamans", andika -aient, hata kama sikio linakuapia kwamba herufi zote hizo ni za bure.

Na usifikiri Wafaransa wenyewe walizaliwa na mikia hii. Kwa karne nyingi waliandika "j'étois" na "il vendoit". Voltaire alipigania tahajia ya -ais, lakini ni mwaka wa 1835 tu ndipo kamusi ya Académie française ilipoikubali. Kama wao walihitaji muda mrefu hivyo kukubaliana na masikio yao, mtoto wa darasa la 6 apewe walau muhula mmoja.

Hatua ya 4: Wasalimie wakaidi

Wako wachache. Mkubwa wao ni "être". Mshenga akienda kwake anakuta "nous sommes", hakuna -ons ya kukata, anarudi mikono mitupu. Huyo mpe ét- bila maswali: j'étais, tu étais, nous étions. Ni yeye peke yake mwenye ruhusa hiyo.

"Manger" huhifadhi e mbele ya a ili g isikwaruze: je mangeais. Ikija i, e inaondoka: nous mangions. "Commencer" huvaa mkia mdogo chini ya c kwa sababu hiyo hiyo: je commençais, lakini nous commencions.

Halafu kuna "étudier". Niliwahi kusimama nyuma ya mwanafunzi aliyeandika vizuri kabisa kwenye kaye yake: "Hier, à cette heure-ci, nous étudiions." Akaitazama sentensi. Akaona i mbili zimesimama bega kwa bega, akaona aibu. Akatoa kipande cha wembe, akaanza kuparura moja, polepole, mpaka karatasi ikatoboka. Nilimshika mkono nikachelewa. Étudi- ina i yake, na -ions inakuja na yake. Hakuna inayomfukuza mwenzake. "Nous étudions" ni leo. "Nous étudiions" ni jana. Ile i aliyoiparura ndiyo ilikuwa siku nzima.

Hatua ya 5: Tofautisha barabara na pancha

Sema hivi: "Nous allions à Butembo quand la moto est tombée en panne." Tulikuwa tunaenda Butembo, pikipiki ikaharibika. Safari ni barabara, ndefu, bado inaendelea. Hiyo ni imparfe. Kuharibika ni pancha, kumetokea mahali pamoja, mara moja. Hiyo ni pase kompoze.

Ukitumia pase kompoze peke yake, hadithi yako itakuwa ya pancha tupu: nilifika, nililala, niliamka, nilikula. Msikilizaji hataona ukungu uliokuwa kilimani, wala watoto waliokuwa wanachota maji. Ukitumia imparfe peke yake, tutakaa barabarani hadi usiku tukingoja jambo litokee. Hadithi nzuri inataka zote mbili.

Hatua ya 6: Jihadhari na -nge-

Hapa Kiswahili, rafiki yetu wa hatua ya 1, hutuponza kidogo. Sisi tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua pikipiki", -nge- huku na -nge- kule, mizani imekaa sawa. Mtoto anatafsiri kwa uaminifu: "Si j'aurais de l'argent, j'achèterais une moto." Mwalimu anashika kalamu nyekundu. Kifaransa kinataka imparfe upande wa "si": "Si j'avais de l'argent, j'achèterais une moto." Mtoto huyo hakuwa mvivu. Alikuwa mwaminifu kwa lugha yake, na inafaa aambiwe hivyo kabla ya kusahihishwa.

Imparfe ni adabu pia. Ukiingia ofisini kuomba karatasi, usiseme "je veux". Sema "je voulais vous demander". Hilo unalijua tayari, kwa maana hata kwa Kiswahili hatumvamii mzee. Tunasema "nilikuwa nataka kuomba".

Hatua ya 7: Itumie inapohitajika kweli

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, na hadi tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwisha ilikuwa imeua watu 2,287. Vuhovi ilikuwa miongoni mwa zoni za afya zilizoguswa. Katika kazi ya kufuatilia waliokutana na mgonjwa, kuna maswali ya pancha: homa ilianza lini? Lakini mengi ni ya barabara: alikuwa anaishi wapi, alikuwa anakula na nani, nani alikuwa anamwuguza? "Avec qui mangeait-il?" Anayejibu kwa kutaja chakula cha siku moja, badala ya mazoea ya kila siku, anaweza kumwacha mtu nje ya orodha. Hapo mkia wa kitenzi si suala la alama za dikte tena.

Na tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mnamo Oktoba 2014, watu wengi wameacha mashamba yao. Ukiwauliza kwa Kifaransa wanajibu kwa imparfe: "On cultivait. On vendait le café. Les enfants étudiaient." Halafu wananyamaza, kwa sababu pancha inajulikana.

Jina lenyewe, imparfait, maana yake ni kisichokamilika. "J'ai cultivé" ni gunia lililofungwa kamba: nimelima, nimevuna, yamekwisha. "Je cultivais" haijafunga gunia. Inasema kazi ilikuwa inaendelea, na haisemi popote kwamba imekoma. Kwa hiyo usimsahihishe mama anayesema "je cultivais à Vuhovi". Ameshaikata -ons, amebandika mkia sahihi, na gunia lake bado liko wazi kwenye sentensi. Muulize alikuwa analima nini, kisha ukae umsikilize hadi mwisho.