Utangulizi wa Mshukolojia: Uainishaji wa Mishuko ya Makundi Makubwa Jijini Nairobi

Mwanafunzi, fungua daftari uandike tarehe. Kuanzia leo wewe si mtu wa kutembea-tembea tena. Wewe ni mwanamshukolojia mwanagenzi, na cheo hicho kina gharama zake, mojawapo ikiwa ni kuiweka hiyo simu kifudifudi.

1. Fasili

Mshuko ni kitendo cha watu wasiopungua 15, wenye undugu au mchango wa pamoja, kuteremka kutoka chombo kimoja ili wakatazame kitu ambacho wengi wao hawakukiomba. Watu 14 wakienda kuona twiga, hayo ni matembezi, na matembezi hufundishwa chekechea. Sayansi inaanza kwa mtu wa 15.

Kwa nini 15? Swali zuri, ingawa hukuliuliza. Matatu ndogo ya Nairobi, ile tunayoiita nissan hata ikiwa Toyota, hubeba abiria 14. Kabla ya Februari 2004 gari lilo hilo lilibeba 18, na makanga mwenye kipaji aliongeza wengine waliosafiri wakiwa wameinama kama wanaotafuta sarafu. Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, kila abiria na kiti chake. Wanahistoria wa barabara huzisifu kwa sababu za usalama. Mimi nazisifu kwa sababu ya mtu wa 15. Haingii tena. Ni lazima akodishiwe gari la viti 33. Gari la viti 33 likikodishwa ni lazima lijazwe. Na likijazwa, hakuna mahali duniani wanapopataka wote waliomo. Mnyororo huu wa visababishi nimeuita Mporomoko wa Kumi na Tano. Uukariri unapopiga mswaki.

Wataalamu wa bahari watakuambia mshuko ulizaliwa Karibiani, ambako meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024 na yenye uwezo wa kubeba abiria zaidi ya 7,000, hutia nanga asubuhi na kuwamwaga watu gatini, huyu akaogelee, yule akanunue kofia. Nawaheshimu wenzangu hao. Hata hivyo, mshuko wa Karibiani una dosari ya kinadharia: meli ina saa ya kuondoka, na anayechelewa huitazama ikienda. Hofu ya namna hiyo huchafua matokeo. Nairobi chombo hakiwezi kuondoka, kwa kuwa dereva amelipwa nusu, nusu nyingine anayo mhazini, na mhazini ndiye hasa aliyepotea. Hii huitwa Nadharia ya Salio. Ukiielewa, utaona kwamba hakuna maabara iliyo safi kuliko jiji hili.

2. Sampuli

Tuchukue ukoo mmoja wa Waluhya wenye makao makuu Kangemi, matawi yake yakiwa Kawangware, Uthiru na, kwa neema ya Mungu, Lavington. Jumamosi kulikuwa na harusi. Jumapili asubuhi wageni wa Kakamega hawajaondoka, pamoja na binamu mmoja wa Dallas, magodoro bado yametandazwa sebuleni, foleni ya choo imefika jikoni, na mwenye nyumba anatamka sentensi ambayo kila mwanamshukolojia huitambua kuwa dalili ya kwanza: "Hawa watu tuwapeleke mahali."

Mahali gani? Hajui. Hali hii ni Umahalitupu, nayo hudumu baina ya saa mbili na siku nne. Katika kipindi hicho mjadala huendeshwa kwenye kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya kamati ya harusi, ambalo halijawahi kufungwa na bado linamdai mtu hela ya hema.

Hapo utakutana na Mpendekezaji-Mtoweka, anayeandika "Naivasha!" saa tano usiku na hasikiki tena hadi Pasaka. Utakutana na Mnenaji-Mrefu wa ujumbe wa sauti, ambaye dakika yake ya kwanza ni kikohozi. Wengine watajibu kwa emoji, na hapa nakuomba umakini, kwa sababu wanafunzi wengi hufeli mtihani papa hapa. Kidole gumba kina maana ya "nimeona." Moto una maana ya "niende bure." Mikono miwili iliyoshikana, ambayo wasiosoma huidhania kuwa sala au shukrani, ina maana moja tu katika fani yetu: "Mzee, tumekusikia, na hatuendi."

3. Aina za mshuko

Aina ya Kwanza: Mshuko wa Kimo. Mfano wake mkuu ni KICC, jumba la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Kundi hupanda lifti, kisha ngazi kidogo, hadi uwanja wa helikopta juu ya paa. Waliosoma vitabu vya utalii hutafuta Mlima Kenya. Watu wa Kangemi hutazama magharibi, hunyoosha kidole na kusema, "Kwetu ni pale." Tofautisha kati ya Mnyooshaji wa Yakini, ambaye ameliona tangi la maji la jirani yake, na Mnyooshaji wa Imani, ambaye anaelekeza kidole kwenye miti ya Kileleshwa. Usiwatofautishe kwa uso. Nyuso zao ni sawa. Tazama kiwiko. Cha yakini kimenyooka kabisa, cha imani kimekunjika kidogo. Nimependekeza kiwiko kipimwe kwa nyuzi, na kimya kilichofuata kutoka kwa wenzangu nakichukulia kuwa kibali.

Aina ya Pili: Mshuko wa Ulimi. Hufanyika Kituo cha Twiga, Lang'ata, ambako twiga wa Rothschild hulishwa vidonge vya chakula kutoka jukwaani. Ulimi wa twiga ni wa rangi ya zambarau iliyokolea, na urefu wake hukaribia nusu mita. Vijitanzu vyake ni hivi: 2(a) ulambishaji wa kiganja, 2(b) ulambishaji wa kimidomo, ambapo mhusika hubana kidonge kati ya midomo na kumngoja mnyama ampige busu mbele ya kamera, 2(c) ulambishaji wa kiwakala, yaani kumsukuma mbele mtoto wa mtu mwingine. Aidha kuna shangazi mmoja, wa Uthiru katika sampuli yetu, anayesema "Mimi hapana" tangu langoni na kukabidhiwa mikoba ya watu wote. Yeye nimempa kijitanzu chake, 2(ø), na ndiye pekee anayerudi nyumbani akiwa mkavu.

Aina ya Tatu: Mshuko wa Saa Moja. Makao ya ndovu yatima ya Sheldrick hupokea umma kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, kwa nafasi zilizowekwa mapema. Kundi la watu 33 kutoka Kangemi kufika saa tano kamili ni jambo linalokubalika kihisabati. Twende mbele.

Aina ya Nne: Mshuko wa Mabaki. Hapa mshukolojia inafikia utu uzima wake, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mabaki yana shule mbili. Shule ya kwanza ni ya Makavazi ya Kitaifa, yaliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Humo mna mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na yenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Mna pia sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Makundi hupiga picha na Ahmed, humpita yule mvulana kwa heshima ya matanga, kisha huulizana nyoka wako wapi.

Shule ya pili ni ya Makavazi ya Reli, karibu na stesheni kuu, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Kitu cha kutazamwa huko ni behewa. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alikaa ndani ya behewa hilo na bunduki yake akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua Ryall, na simba akamchukua Ryall.

Kila ukoo una mfuasi mmoja wa shule hii ya pili. Kwetu ni mjomba aliyeajiriwa na reli ya Afrika Mashariki kabla haijagawanywa mwaka 1977, na ambaye bado husema "laini kuu" kama watu wengine wasemavyo "mbinguni." Kila kundi linapokutana, mjomba hupendekeza behewa. Huliandikia aya nzima, yenye nukta na mikato, na kusimulia habari za simba kana kwamba kesi yake bado iko mahakamani. Kila mara hujibiwa kwa mikono iliyoshikana. Kitaalamu yeye ni Mpendekezaji-Mdumu, kiumbe adimu, na nakuagiza uvue kofia ukikutana naye.

Aina ya Tano ni Mshuko wa Nyasi. Nitaueleza baada ya kukupa sheria inayouzaa.

4. Kani-sufuria

Usiku wa manane wa Jumapili kuamkia Jumatatu, wakati kamati bado inapiga kura baina ya twiga na mbuga, kina mama wa Kangemi wamekwisha kuwasha jiko. Saa mbili na nusu asubuhi sufuria ya pilau, kifuniko kimefungwa kwa leso mbili zilizovutwa fundo juu, inapakiwa kwenye gari la viti 33 kabla ya abiria yeyote. Inawekwa katikati, pale penye nafasi ya miguu. Nyuma yake inafuata ya kuku, kwa sababu Kukhu, nyanya wa ukoo, yupo, na Kukhu akiwepo kuku hajadiliwi.

Mwanafunzi, mshuko umeamuliwa muda huo. Kinachoendelea baada ya hapo ni kelele za kidemokrasia. Sufuria haipandi lifti ya KICC. Sufuria haisimami jukwaani mbele ya twiga. Sufuria haiwezi kuachwa na dereva, kwa sababu za kihistoria ambazo dereva mwenyewe anazijua. Kani hii huongezeka kadiri mchele ulivyo mwingi na hupungua kwa mraba wa umbali kutoka kwa mama aliyeupika.

Mtu atauliza: na Mbuga ya Nairobi, je? Ilianzishwa mwaka 1946, ina eneo la kilomita 117 za mraba, ina simba wasiohitaji behewa. Mbuga ilishindwa na binamu wa Dallas. Ada hutozwa kwa madaraja, mwananchi hapa na mgeni pale, na hulipwa kupitia eCitizen, mfumo unaotaka kujua kila mtu ni nani. Ukoo ulifanya kikao cha dharura. Ilipendekezwa kwamba binamu anyamaze langoni, kwa kuwa herufi yake ya R ingemsaliti. Binamu akajibu hoja hiyo kwa Kiluhya kizito hata Kukhu akacheka mpaka akaomba maji. Lakini eCitizen haina masikio, na kitambulisho chake binamu hajawahi kukichukua.

Ikabaki Arboretum, bustani ya miti, pamoja na hoja ya maji yenyewe. Shangazi wa Uthiru alikuwa amepakia katoni mbili za maji ya chupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa, misitu ikiwemo. Katoni zikashushwa, chupa zikafunguliwa moja baada ya nyingine, maji yakamiminwa kwenye jerikeni ya lita 20. Kazi hiyo ilichukua dakika 40, na hakuna aliyeilalamikia. Nimeisajili kuwa mshuko mdogo unaojitegemea.

5. Mshuko wa Nyasi, pamoja na ugunduzi

Kwa hiyo walikwenda Arboretum, kando ya barabara ya Ikulu, kupitia Lavington na Kileleshwa. Tawi la Lavington lilifuata kwa gari lake, kama lifanyavyo siku zote, ili liweze kukumbuka miadi ikifika saa nane. Leso zikatandikwa. Tumbili akashuka akachukua chapati mbili kutoka mkononi mwa mtoto, bila haraka, kama mtu aliyelipa mchango.

Katika vitabu vya zamani mshuko wa namna hii ulihesabiwa kuwa wa chini, wa watu waliokosa kwingine. Vitabu hivyo havikumzingatia mjomba. Wali ulipokuwa ukipakuliwa, mjomba aliinuka, akaweka kiganja juu ya shina la mti na kuuliza kama kuna anayejua miti hii ilipandwa ya nini. Hakuna aliyejua. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua upesi, ili magarimoshi yapate kuni za kuchoma. Walikuwa wameketi, wote 33, ndani ya ghala la kuni la reli.

Alieleza kwa dakika 25. Hakuna aliyeondoka, maana kijiko cha kupakulia alikuwa amekishika yeye. Nimelazimika kuongeza kwenye uainishaji wangu utanzu mpya, Mshuko Mseto wa Mabaki-Fiche, na juzuu ya pili ya kazi hii itahusu kijiko.

Kazi ya nyumbani. Jamhuri inakaribia. Una watu 34, gari la viti 33, sufuria tatu, na mjomba mmoja ambaye sasa anataka Kima. Tengeneza ratiba. Majibu yaandikwe kwa wino. Ujumbe wa sauti hautasahihishwa.