Muulize Dalali Mstaafu: Utulivu Unauzwa kwa Eka

Mwezi huu barua zote zimetoka kwa watu waliochoka. Zamani aliyechoka alilala. Siku hizi ananunua kiwanja nchi ya watu, anajenga vibanda, kisha anawaalika wachovu wenzake waje kulala kwa malipo. Mimi nimekula udalali miaka mingi, sina sababu ya kumcheka mtu mwenye fedha mkononi. Nawajibu kama barua zilivyofika. Ada yangu mnaijua.

*Shikamoo Ami. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nesi, naishi Munich na mume wangu Mjerumani. Tumepata kiwanja Jambiani, kina minazi kumi na miwili, na bahari iko mbele tu. Tunataka vyumba sita vya makuti, ukumbi wa yoga, masaji na chakula cha mboga. Wageni wetu watakuwa watu wanaotafuta kimya. Mwenye shamba ni mzee mtaratibu sana, tumekunywa naye madafu. Ana karatasi yenye muhuri wa sheha na anataka nusu ya fedha kabla ya Ramadhani. Mume wangu anasita. Mimi namwambia Zanzibar ni kwetu, lugha moja, dini moja. Nani yuko sawa? — Nesi wa Munich*

Marahaba, mwanangu. Mumeo yuko sawa. Najua mke wa Kimvita halipokei neno hilo kwa furaha, kwa hiyo soma taratibu.

Mbele ya sheria ya ardhi ya Zanzibar, wewe na mumeo nyote mnapita mlango wa wageni. Kiswahili chako kitakusaidia kupunguziwa bei ya pweza, basi. Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya visiwa hivi ni ya umma, na sheria ya mwaka 1992 ikalikazia jambo hilo. Mgeni hauziwi ardhi. Mwenye mradi hukodishwa na Serikali kwa kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kwa kawaida kwa miaka 33, inayoweza kuhuishwa hadi ifike 99. Yule mzee akiridhika anaweza kuiachia haki yake ya kuitumia ardhi mkakubaliana fidia, lakini atakayekupa mkataba wa ukodishaji si yeye. Ukimkabidhi nusu ya fedha leo, utakuwa umenunua urafiki wake, na madafu mengine yatafuata.

Muhuri wa sheha nao una kazi yake. Sheha anawajua watu wake, anaweza kushuhudia kwamba mzee ni wa hapo na shamba analitumia yeye. Hawezi kugawa ardhi ya Serikali kwa nesi wa Munich.

Sasa twende kwenye minazi. Umeuliza ni ya nani? Huku kwetu shamba linaweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule, na wa tatu akawa na mwembe wake hapo katikati, alioachiwa na babu yake. Mzee mwenyewe amelipataje? Kama ni urithi, marehemu aliacha wake wangapi, watoto wangapi? Nakuapia kuna dada yuko Muscat na mpwa yuko Dar. Hawa hawaonekani wakati wa kupima kiwanja. Wanaonekana siku fundi anapopandisha makuti juu ya paa, wakiwa na karatasi zao na wakili wao. Taka hukumu ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi, majina yote, na kila jina litie saini. Halafu ukaulize Kamisheni ya Wakfu kama shamba halina wakfu. Baadaye ndiyo uende Kamisheni ya Ardhi na mpimaji wako mwenyewe. Yule aliyeletwa na mzee mwache.

Haya ya karatasi yameisha. Umekiona kiwanja maji yakiwa yamekupwa? Mimi nimewapeleka wateja wengi pwani ya mashariki, na siku zote, Mungu anisamehe, niliangalia kwanza maji yanajaa saa ngapi. Bamvu likikupwa Jambiani, bahari inaondoka. Unabaki na mchanga, majani na madimbwi, na mawimbi unayasikia yakivunjika kule mwambani, mbali. Mgeni wako aliyelipa aogelee saa nne asubuhi atasimama na taulo begani akikutazama wewe kama ndiye uliyeyafunga maji.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Hapo chini ni mawe ya matumbawe, yana matundu kila upande. Ukichimba kisima karibu na ufuo unapata maji ya munyu. Ukichimba karo karibu na kisima, yaliyomo karoni yatakifikia kisima kabla hujalipa fundi. Usipunguze bajeti ya karo ili uongeze mito ya ukumbi wa yoga. Umeme wetu Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 tukakaa tena mpaka Machi 2010. Waya mpya umeshalazwa, lakini waliokuwapo hawajauza jenereta zao. Na Aprili na Mei, masika ikishuka, hesabu kwamba hakuna mgeni na mishahara iko palepale.

Kuhusu kimya: saa kumi na moja alfajiri kuna adhana, na misikiti ya kijiji haipokezani, inaadhini pamoja. Kabla yake kuna jogoo. Baada yake kuna wavuvi wanaoitana, kisha watoto wa chuoni wanaosoma juzuu kwa sauti moja. Alhamisi kuna harusi. Hayo yote yalikuwapo kabla yako, na yaandike kwenye tangazo lako kwa herufi kubwa, ili asiyeyataka aende kwingine.

La mwisho, masaji usiiagize nje. Jambiani na Makunduchi wapo makungwi waliosinga maharusi maisha yao yote. Wanajua singo ya mawaridi na liwa, wanajua udi ufukizwe lini na mkono ukande wapi. Wakae wao ukumbini, wawafundishe hao vijana wako wenye vyeti, na walipwe kama walimu.

*Ami, habari za siku? Mimi ni mhasibu hapa Nairobi. Nimegundua kwamba huko Sicily kuna miji inauza nyumba kwa euro 1, fedha isiyofika hata shilingi 200 za Kenya. Nataka kuchukua tatu zilizoshikana, nivunje kuta, niwe na nyumba ya mapumziko kwa akina mama wa ofisini. Mafuta ya zeituni, kutembea milimani, kutafakari. Bosi wangu bado hajui. Unanionaje? — Mhasibu wa Upper Hill*

Nzuri, mama. Nakuona mhasibu aliyeacha hesabu kwenye mstari wa kwanza.

Habari hizo ni za kweli. Mji wa Sambuca di Sicilia ulitangaza nyumba zake mwaka 2019, na dunia nzima ikapiga simu. Lakini euro 1 ilikuwa bei ya kuanzia mnada. Mshindi alitakiwa kuweka dhamana ya euro 5,000 na kuikarabati nyumba ndani ya miaka 3, la sivyo dhamana inakwenda. Na kama nyumba ingekuwa na paa, mama, jirani angeshaichukua. Nyumba hizi wenyewe walihamia Marekani na Ujerumani enzi za babu zao. Mvua imeingia, mtini umeota jikoni, ngazi inaishia hewani. Mtaa wenyewe ni mwembamba, lori la mchanga halipiti. Mifuko ya saruji inapandishwa kwa kigari cha matairi matatu kinachoitwa Ape, ukoo mmoja na bajaji yetu. Kila safari ya Ape ina bei, na ya kwako ni nyumba tatu.

Utahitaji namba ya kodi ya Italia kabla ya kusaini chochote. Utahitaji mthibitishaji, wanamwita notaio, ambaye kule si karani wa kugonga muhuri: bila yeye hakuna mauziano. Huyo huyo atakuuliza jambo moja la zamani katika sheria zao, kwamba mgeni asiyeishi Italia hupewa haki ya kununua kwa kutazama kama nchi yake nayo humpa Muitalia haki ya namna hiyo. Katiba yenu ya 2010, kifungu cha 65, inampa asiye raia upangaji wa miaka isiyozidi 99. Notaio atalipima hilo yeye, kwa hiyo mlipe kwa ushauri kabla ya kumlipa mtu yeyote kwa nyumba.

Halafu viza. Hapa ndipo wengi wanapokaa chini. Nyumba haikupi ukaazi. Kwa viza ya kawaida ya Schengen unaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180. Kwa hiyo nusu ya mwaka mwenye nyumba atakuwa Nairobi akiitazama nyumba yake kwenye simu, na kupokea wageni wa kulipa ni biashara inayotaka kibali chake na leseni ya manispaa.

Nina pendekezo. Kabla hujakata tiketi ya Palermo, shuka Malindi. Waitalia wako pale tangu siku nyingi, wengine wamezeekea pale, wana mikahawa na aiskrimu zao, na madereva wa tuktuk wanawasalimu kwa Kiitalia. Mtafute mmoja mzee, mnunulie kahawa, umuulize kwa nini aliondoka kwao. Utapata maelezo ya kutosha juu ya mthibitishaji, manispaa, kodi na mafundi wa paa. Pengine atakuuliza bei ya nyumba Nairobi.

Bosi usimwambie kwanza. Subiri bonasi iingie.

*Ami, mke wangu amerudi kutoka Bali hajielewi. Amepata nyumba Ubud, ina bwawa na ukumbi wa mianzi, anataka tuuze shamba la Kibaha tukainunue, awe anapokea wageni wa yoga. Mgeni haruhusiwi kuimiliki, ila dereva aliyekuwa akimzungusha amekubali iandikwe kwa jina lake, sisi tusainiane naye pembeni. — Mume Mtiifu, Masaki*

Shemeji, dereva huyo ana bahati kweli.

Sheria ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960, na haikuficha neno: umiliki kamili ni wa raia peke yake, na mpango wowote wa kuizunguka ni batili, ardhi yenyewe ikaangukia dola. Basi ikitokea siku dereva akaoa, au akafa akaacha ndugu, au akagombana na mkeo kuhusu bwawa, mtamshitaki kwa mkataba upi? Ule wa pembeni? Mtaupeleka mahakamani wenyewe, kwa mikono yenu, ushahidi wa kosa lenu. Zipo njia halali, kukodi kwa miaka au kufungua kampuni ya wawekezaji wa kigeni, na zote zinaanzia kwa notari asiyemjua dereva.

Lakini mkeo msikilize, kitu kilichomgusa kipo. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Kihindu wa kule, Bali nzima inanyamaza kwa saa 24. Magari hakuna, taa zinazimwa, uwanja wa ndege unafungwa. Mpeleke mwakani, mfike siku mbili kabla, mkodi chumba. Shamba la Kibaha liache na mihogo yake.

*Ami, mimi ni mkulima wa mwani hapa Paje. Jirani yetu wa kigeni amejenga nyumba ya yoga. Ametia nguzo na kamba mpaka chini pwani, njia tuliyokuwa tukipita na mapolo ya mwani imezibwa, tunazunguka mbali na mzigo kichwani unachuruzika. Wageni wake wanatupiga picha tumeinama majini. Juzi meneja wake kaja kwa imamu, anaomba adhana ya alfajiri ipunguzwe sauti kwa sababu inavunja tafakuri. Na wao wenyewe wana sinia kubwa la shaba wanaligonga kabla jua halijatoka. Tufanyeje? — Mama Mwani*

Bi mkubwa, barua yako ningeiweka ya kwanza kama ingefika kwanza.

Nyinyi mko kwenye maji hayo tangu mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara, mwaka 1989, kabla ya hiyo mikeka yao. Ufuo hauna mwenyewe. Mkataba wake wa ukodishaji una ramani na bikoni, na majengo yanatakiwa yakae mita 30 nyuma ya pale maji yanapofika yakijaa. Kamba iliyoshuka mpaka mchangani haimo kwenye ramani yoyote. Msiing'oe. Mkiing'oa nyinyi mtaitwa wahalifu, na picha za kuinama zitakuwa ushahidi. Andikeni barua kwa sheha, wanawake wote mtie saini au dole gumba, itajwe njia na mlikuwa mkiipita tangu lini. Nakala iende wilayani na nyingine Kamisheni ya Ardhi, mkiomba bikoni zionyeshwe mbele yenu. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na moja ibaki kwako, sandukuni, chini ya khanga.

Picha zina bei, na bei mpange nyinyi kwa pamoja, si mmoja mmoja. Ongezeeni hili: ndani ya nyumba ile nasikia kuna chumba ambamo mgeni anapakwa mwani usoni na kwenye mapaja, kwa bei ambayo gunia lenu kavu halijawahi kuiona. Mwani huo wanautoa wapi? Kama ni wenu, muusage wenyewe, muuchekeche, mumuuzie jirani kwa kopo. Kilo za mnunuzi wa bandarini zinaweza kungoja.

Kuhusu adhana, imamu hana haja ya kujibu. Ila kwenye barua ya sheha ongezeni kifungu kimoja, mkiuliza kwa adabu sinia hilo linagongwa kwa kibali cha nani, na kama linaweza kusubiri mpaka watoto waamke.