Barua ya Kipupwe

Julai imefika, Njombe inatetemeka, na shule imewaletea wazazi barua ya muhula wa pili. Inaanza kwa kutukumbusha kuwa elimu ya sekondari haina ada. Kweli kabisa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka wa fedha 2022/23. Rimu haikufutwa. Wala fagio la chelewa, ndoo yenye mfuniko, na jembe lenye mpini. (Majembe haya huenda wapi? Kila mwaka yanaingia mapya, na bustani ya shule bado ni matuta mawili ya kabichi.) Sweta ni la lazima, lenye nembo, na nembo hiyo, kwa bahati nzuri, inauzwa duka moja tu. Mchango wa chakula ni wa hiari. Asiyetoa aje na mzazi wake aieleze hiari yake mbele ya kamati.

Taaluma nayo imetajwa, ukurasa wa pili, chini kabisa: masomo yanaendelea vizuri, mwalimu wa fizikia anatafutwa.