Namna ya Kuikosa Japani bila Kuaibika

Kuikosa nafasi ya chuo Japani kwa kufeli mtihani ni kazi ya watu wasio na mbinu. Inauma, na ushahidi wake unabaki kwenye karatasi. Kuchelewa ni jambo jingine kabisa. Aliyechelewa hajapimwa, na asiyepimwa hawezi kuambiwa ameshindwa. Akili zake zinabaki vilevile zilivyosifiwa siku ya mahafali. Kwa hiyo sogea karibu, ndugu yangu, nikufundishe kuchelewa. Kunataka ufundi, maana wale wenzetu hutangaza tarehe zao mapema na hawazibadilishi kwa kuombwa.

1. Anza na pongezi

Kabla hujafungua tovuti yoyote, tangaza. Weka ile bendera ya duara jekundu kwenye stetasi. Wapigie wajomba. Nunua kamusi ndogo na upige nayo picha. Utaona maajabu: ukishapongezwa, hamu ya kujaza fomu inapungua yenyewe, kwa sababu ulichokuwa unakitaka, yaani kuonekana mtu wa Japani, umeshakipata na hujalipia hata ada ya maombi. Mama mdogo akianza kukuita "Mjapani wetu", umefika nusu ya safari. Usije ukaharibu kwa kuuliza mwaka wao wa masomo unaanza lini.

Unaanza Aprili. Nakutajia ili ujue unachokikwepa. Mwaka wa masomo wa Japani unafunguliwa Aprili na kufungwa Machi, shule za msingi hadi vyuo vikuu. Zipo programu, hasa zinazofundishwa kwa Kiingereza, zinazopokea wanafunzi Septemba au Oktoba. Ritsumeikan Asia Pacific University, kule Beppu, hupokea majira yote mawili. Hizo zisikutie wasiwasi. Nazo madirisha yake hufunguka miezi mingi kabla, wakati wewe bado unajibu pongezi.

2. Hesabu kwa kwenda mbele

Wanaofanikiwa wana tabia mbaya ya kuhesabu kinyumenyume: wanaishika Aprili, wanarudi mwezi mmoja mmoja hadi wanajikuta wanatakiwa kuanza mwaka jana. Wewe hesabu kuanzia leo. "Mwezi huu natafuta cheti cha kuzaliwa, mwezi ujao pasipoti, halafu tutaona." Hiyo "tutaona" ndiyo nguzo ya mpango mzima.

Nikupe mfano, ujue ukubwa wa kitu unachokikosa. Ufadhili wa serikali ya Japani, ule wa Wizara ya Elimu ambao watu huuita MEXT, ulianza mwaka 1954. Kwa njia ya ubalozi, fomu za shahada ya kwanza hupokelewa kwa kawaida kati ya Aprili na Juni, kila ubalozi na tarehe yake. Usaili na mitihani hufuata Juni au Julai. Sasa fuatana nami: anayeomba Mei 2026 anatua Japani Aprili 2027. Kabla ya kugusa somo lake anapelekwa mwaka mzima kujifunza Kijapani na masomo ya maandalizi. Darasa la kwanza la shahada yenyewe analiingia Aprili 2028. Karibu miaka miwili kutoka fomu hadi dawati! Mtu aliyekaa akapanga kitu cha namna hiyo hana habari na majaaliwa.

3. Subiri matokeo yako kwanza

Hii ni kwa Watanzania, na ni tamu kwa sababu inafanana na busara. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka karibu na Julai. Ubalozi unapokea fomu wakati wewe uko kwenye chumba cha mtihani, au umeshaingia kambini kwa JKT unakimbia mchakamchaka. Tangazo la ufadhili huruhusu anayetarajia kumaliza masomo aombe hata kabla ya kumaliza. Lipuuze. Sema: "Siwezi kuomba kitu bila cheti mkononi." Hakuna mzazi atakayekulaumu kwa sentensi kama hiyo. Walimu watakusifu. Matokeo yatatoka, utakuwa na alama za kupendeza, na fomu zitakuwa zimefungwa. Umebaki na heshima yote na huna safari yoyote.

Mwaka unaofuata fanya hivyohivyo, ila angalia umri usikumalizie mchezo mapema. Kwa shahada ya kwanza tangazo hutaka mtu asiyefika miaka 25, kwa uzamili na uzamivu asiyefika 35, nalo hupima kwa tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa 2 Aprili ya mwaka fulani au baada yake. Ndiyo, hata siku ya kuzaliwa wanaipima kwa Aprili.

4. Amini namba uliyoiona

Tangazo likiandikwa "Ufadhili wa 2027", wewe liombe 2027. Ni mantiki safi, na ni kosa kamili, kwa sababu mwaka ulioandikwa ni wa kuanza masomo na maombi yake yalipokelewa 2026. Ukitaka kuchelewa kwa daraja la juu zaidi, tumia mwaka wa masomo: Wajapani wakisema mwaka wa masomo wa 2026 wanamaanisha Aprili 2026 hadi Machi 2027, hivyo Februari 2027 bado ni ya 2026. Wakati mwingine wataandika mwaka wa enzi ya mfalme, Reiwa 8, ambao nao ni 2026. Hapo huhitaji hata uvivu. Kusoma haraka haraka kunatosha.

5. Mitihani ijipitie

Ukitaka kwenda kwa pesa zako na kusoma kwa Kijapani, vyuo vingi vitakuuliza EJU, mtihani wa wanafunzi wa kigeni ulioanza 2002. Unafanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Novemba. Kwa ule wa Novemba watu hujiandikisha Julai. Kwa ule wa Juni, ni Februari na Machi. Wewe jiandikishe ukishasikia baridi ya msimu. Kisha dhani kuna kituo Dar es Salaam au Nairobi. Vituo vya nje ya Japani viko Asia, kwa hiyo anayetaka kuufanya lazima apange na nauli, na kupanga nauli tumekubaliana ni ushamba.

Mtihani wa lugha wa JLPT nao una siku zake: Jumapili ya kwanza ya Julai na ya Desemba, na nchi kadhaa huufanya mara moja tu kwa mwaka. Kujiandikisha kunafungwa miezi kabla. Ukiukosa wa Desemba, una mwaka mzima wa kusema unajiandaa. Hakuna cheo kizuri kama cha mtu anayejiandaa.

6. Mwandikie profesa, lakini kwa wakati wako

Hapa ndipo wenye shahada moja wanapong'ara. Anayetaka kwenda kama mtafiti au kusoma uzamili mara nyingi anahitaji profesa wa kumsimamia. Andika barua pepe moja. Ianze na "Mheshimiwa Profesa" bila jina, ili iwafae wote. Weka maprofesa 40 kwenye mstari mmoja, kila mmoja aone majina ya wenzake, kuanzia wa mifupa hadi wa fasihi. Waambie umevutiwa sana na utafiti wao, kisha waulize wanatafiti nini.

Chagua tarehe. Mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei kuna mfululizo wa sikukuu, na nchi karibu yote iko safarini. Katikati ya Agosti ni Obon, watu wamerudi kwao kuwakumbuka wazee waliotangulia. Kuanzia 29 Desemba hadi 3 Januari ofisi za serikali zimefungwa. Januari hadi Machi profesa amezama kwenye mitihani ya kuingia chuo na tasnifu za wanafunzi wake. Ukizilenga siku hizo vizuri, unaweza kukaa mwaka mzima bila kujibiwa na bado ukasema kwa kiapo kwamba uliandika.

Agosti ndiyo dhahabu. Waliopita mchujo wa ubalozi hupewa fomu zilizogongwa muhuri wakatafute barua ya kukubaliwa ya awali kutoka vyuoni, na muda wa kuiomba kwa kawaida unaisha mwishoni mwa mwezi huohuo wa Agosti. Yaani wiki chache, na Obon katikati. Mjinga huanza mazungumzo na profesa mwaka mmoja kabla, muhuri ukitoka anaomba barua tu. Wewe jitambulishe tarehe 13 Agosti.

7. Saa

Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Sisi nasi husoma saa kwa tofauti ileile: mshale ukiwa kwenye 11, tunasema saa tano. Matokeo yake Mswahili wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala amepewa tunu ambayo hata Mzungu hana. Ikitimu saa tano asubuhi kwetu, mshale wa saa ya Tokyo umesimama kwenye 5, jioni. Tangazo likisema mwisho ni 17:00 kwa saa za Japani, ni saa tano yetu asubuhi, bila kikokotoo. (Goma na Bujumbura wako nyuma kwa saa moja; kwao ni saa nne.)

Tunu hii usiitumie hata kidogo. Soma 17:00, sema "saa kumi na moja jioni", ukapate chakula cha mchana. Wakiandika 23:59 ndiyo bora zaidi, maana hiyo ni karibu na saa kumi na mbili jioni kwetu, na wewe unasubiri bando la usiku. Saa sita usiku unapobonyeza kitufe cha kutuma, Tokyo ni alfajiri ya kesho yake. Piga picha ya skrini ikionyesha ukurasa umefungwa. Itakufaa kwa wajomba.

Karatasi za posta nazo zina kanuni moja nzuri: vyuo vingi hutaka zifike kabla ya tarehe ya mwisho, haijalishi zilitumwa lini. Zitume siku ya mwisho.

8. Ikitokea wakakukubali

Hutokea. Usikate tamaa, bado kuna nafasi ya kuchelewa. Chuo cha taifa kwa kawaida hudai ada ya kujiunga ya yeni 282,000 na karo ya yeni 535,800 kwa mwaka. Chuo Kikuu cha Tokyo kimepandisha karo yake hadi yeni 642,960 kwa wanaoanza kuanzia 2025. Ada ya kujiunga ina tarehe yake fupi. Ianzie safari Ijumaa mchana kwenye benki yenye foleni, ipitie benki nyingine mbili, na makato ya njiani yaipunguze yeni elfu kadhaa ili wakuandikie kwamba haijatimia.

Kama pesa zimefika, kuna hati ya kustahili ukaazi. Chuo humwombea mwanafunzi kwa Idara ya Uhamiaji ya Japani, na inaweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Wakikuomba taarifa za benki za mfadhili wako, jibu baada ya wiki tatu. Ikitoka, ni halali kwa miezi mitatu. Iweke kabatini uangalie kama itajigeuza kuwa viza.

9. Maelezo ya baadaye

Wajomba watauliza. Usiseme umechelewa, neno hilo halina adabu. Sema mfumo wao unabadilika. Utakuwa na ushahidi: mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Tokyo kilitaka kweli kuhamishia mwanzo wa masomo majira ya vuli, na 2020, wakati wa korona, serikali yenyewe ililijadili jambo hilo. Mara zote mbili likawekwa kando na Aprili ikabaki Aprili, lakini hilo halina haja ya kufika kwenye kikao cha ukoo. Sema unasubiri wakae sawa. Mwakani utasema tena, na sauti yako itakuwa imekomaa.

Na kama nyumbani kuna mdogo wako aliyeanza kuuliza ubalozi unafungua fomu lini, mwite haraka, mketishe, mwambie hayo mambo unayajua wewe. Namba ya simu ya ubalozi usimpe.