Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mizani, Mnunuzi Mkuu wa Korosho, Kilifi na Malindi

KUH: KUPIMA UZITO BILA KUPIMA UBORA

Thamani ya korosho ghafi imo ndani ya ganda, na wanunuzi wakubwa huijua kwa kisu. Huchukua sampuli ya kilo moja, wakapasua korosho moja moja, wakatenga viini vizima na vilivyosinyaa au kuoza, kisha wakakadiria gunia la kilo 80 litatoa pauni ngapi za kiini. Gunia la pauni 48 hulizidi la pauni 42 kwa kilo 2.7 za kiini. Mheshimiwa Mizani, aning'iniaye chini ya mkanju huko Magarini na Chonyi, huyapa yote mawili bei moja. Kwa usawa huo mbele ya ndoano anastahili pongezi.

Uadilifu wake hudhihirika zaidi kwenye unyevu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 15 zikianikwa hadi asilimia 10, hubaki kilo 94 na ushei. Aliyezitandaza jamvini, akazigeuza na kufukuza kuku kutwa, hutozwa kilo 5 na zaidi kwa bidii yake. Jirani aliyezitia guniani na umande wake hulipwa maji kwa bei ya korosho. Broka naye si mjinga: akishindwa kuwatofautisha, huwakata wote bei mapema, na mwaka unaofuata haaniki mtu. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa magari makuukuu ya Marekani, akapata Nobel mwaka 2001 bila kufika Kilifi.

Kisu nacho kina gharama. Muuza kilo 10 akipasuliwa kilo moja, sehemu ya kumi ya mzigo imekwenda; chama chenye tani 10 hakihisi kitu. Kupima hulipa mizigo ikikusanywa, mradi ipangwe madaraja kwanza, ama sivyo korosho za makini humezwa na za mzembe. Tanzania ilianza mfumo wa stakabadhi ghalani kwa korosho mwaka 2007, daraja likitangulia mnada. Kenya mwaka 2009 ilipiga marufuku kuuza korosho ghafi nje, ikapitisha sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2019. Mheshimiwa hakusumbuliwa na lolote kati ya hayo.

Sampuli ikipasuliwa kiwandani tu, mkulima huletewa bei bila sababu zake. Sampuli ya pili, ikifungwa kwa lakiri mbele ya muuzaji na kuachwa chamani, ingempa cha kubishania.

Nakala: Kisu cha Sampuli, popote kilipo.