Jinsi ya Kumuudhi Chaza Mpaka Akupe Lulu

Kwanza, achana na hadithi ya chembe ya mchanga. Chaza huchuja maji mchana kutwa, na mchanga anautema tu. Kinachomuudhi ni mdudu aliyemtoboa, au jeraha kwenye ngozi laini iliyotanda ndani ya kombe lake. Ngozi hiyo ndiyo inayojenga kombe. Kipande chake kikizama nyamani, hujifunga mfuko na kuendelea na kazi ileile: kutandaza utando wa chokaa juu ya utando, mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo lulu.

Ukipenda kubahatisha, fuata njia ya zamani ya Ghuba. Bahrain na Kuwait watu walizama na kibano puani na jiwe mguuni, wakafungua makombe mamia kwa lulu moja ya maana. Baadhi yao walikuwa watumwa waliochukuliwa pwani yetu, na lulu hazikuwa zao.

Kama huna subira, mchokoze mwenyewe. Mjapani Mikimoto Kokichi alipata nusu lulu mwaka 1893. Kwa lulu ya mviringo, mpasue chaza taratibu, mpachike gololi iliyochongwa kwa kombe la kome wa mito ya Marekani, pamoja na kipande cha ngozi ya chaza mwenzake. Mrudishe baharini. Chaza wa Japani aitwaye akoya atakupa lulu ndogo nyeupe. Chaza wa Tahiti, nyeusi yenye kijani cha tausi. Yule mkubwa wa Australia na Indonesia, nyeupe au ya dhahabu. Kome wa maji baridi wa China kwa kawaida hupandikizwa ngozi tu, vipande vingi kwa mpigo, ndiyo maana lulu zake ni rahisi.

Mimi ningekupeleka Fumba, Unguja. Akina mama wa huko hawapasui nyama: wanabandika kibonge cha nusu duara ukutani mwa kombe, wanamning'iniza chaza majini na kumsafisha magugu mpaka kibonge kifunikwe. Kisha hukata nusu lulu, na kombe lililobaki hulisugua likawa hereni. Usikubali kuambiwa ni bandia. Utando ni wa chaza mwenyewe.

Dukani, isugue lulu kwenye meno: ya chaza inakwaruza kidogo, ya plastiki inateleza. Ukiinunua, jipake manukato kwanza ndipo uivae, kisha uifute jasho kila jioni.